Gia zinagoma kuingia? Kabla hujatoa hela ya giaboksi, zima gari kwanza

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho ngapi". Leo naongelea gari la kupelekea mzigo. Wengi wetu tumeanza kwa kubeba mzigo kwenye daladala, tukahamia kwenye boda, halafu siku moja ukajikusanya ukanunua kagari. Siku hiyo unapiga picha unaweka status, watu wanakupa hongera. Hakuna anayekukumbusha kwamba umeajiri mfanyakazi mwingine, na huyu akiumwa hela ya matibabu inatoka kwenye hela ya mzigo.

Mimi nauza kabati za plastiki, stendi za viatu na meza za kukunja. Nipo Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo, wateja wote wa mtandaoni. Nimeishia form four na ufundi sijasomea. Ninayoandika hapa nimeyajua kwa kulipia, na mengine kwa kulia.

Gari langu ni kirikuu, nililinunua mkononi mwa mtu. Lina dogo wa kuliendesha, mimi nakaa pembeni na simu mbili napokea oda. Mwaka jana mwezi wa 12, ile wiki ya kuelekea Krismasi ambayo sote tunaisubiri, gia zikaanza kugoma. Mwanzo ilikuwa namba moja tu asubuhi. Ikaja rivasi, ukiiweka inakwaruza kama mtu anasaga mawe. Jumamosi tukiwa kwenye foleni Kilwa Road, gia zote zikakataa. Nyuma kuna kabati 4 za watu, mbili zimeshalipiwa. Dogo anakanyaga klachi mpaka mwisho, anasukuma gia kwa mikono miwili, haiingii. Daladala nyuma zinapiga honi, makonda wanatutukana, nikashuka nikasukuma kirikuu na gauni langu.

Tukavutwa mpaka gereji moja ya jirani. Fundi hata hakuinama. Aliingia, akajaribu gia mara mbili, akatoka anapangusa mikono. "Dada, giaboksi imekufa. Hapa tutafute ya mtumba, laki nane na nusu pamoja na kufunga."

Laki nane na nusu. Kwenye simu nilikuwa na laki tisa na kidogo, hela yangu ya mchezo niliyoipokea Alhamisi, ya kufuata mzigo wa Januari. Wanaouza vitu vya nyumbani mnaijua Januari, watu wanahama vyumba, watoto wanaenda bweni, stendi na kabati zinatoka. Nikitoa hiyo hela naingia Januari na gari zima na stoo tupu.

Nikamwambia fundi anipe saa moja nitafute hela. Uongo. Nilikuwa nataka kupumua tu. Nikaenda mpaka maduka ya spea kuulizia bei ya giaboksi, nikijua moyoni nitalipa. Nje ya duka moja kulikuwa na mzee amekaa kwenye ndoo, fundi wa zamani, ndiye wenye maduka wanamuuliza spea ipi inaingia wapi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia giaboksi imekufa.

"Nani kakwambia imekufa?"

"Fundi."

"Mwanangu, mimi sijauliza fundi kasema nini. Gari inafanyaje?"

Nikamweleza. Akaniuliza swali moja ambalo ndilo limenifanya niandike yote haya. "Ukizima injini, gia zinaingia?"

Sikujua. Hakuna aliyejaribu. Nikampigia dogo, nikamwambia azime gari, akanyage klachi, aingize gia moja moja. Akanijibu hapohapo, "Dada, zinaingia zote, laini kabisa. Hadi rivasi."

Mzee akacheka. Akaniambia giaboksi yenyewe haijui kama injini imewaka au imezimwa. Katikati yao kuna klachi. Kama gia zinaingia vizuri gari likiwa limezimwa na zinagoma likiwashwa, anza kuitazama klachi, achana na giaboksi.

Nielezee kidogo hapa maana ukielewa hiki huibiwi kirahisi. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani, ndiyo klachi pleti. Imebanwa kwenye gurudumu zito la injini, flaiwili, na kinachoibana ni presha pleti yenye springi. Gari likiwa linatembea, sahani imebanwa, nguvu ya injini inapita kwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga klachi, ule mbano unaachia, injini inaendelea kuzunguka peke yake na ndani ya giaboksi vitu vinatulia ili uweze kubadilisha gia. Sasa kama mbano hauachii wote, sahani inaendelea kuburuzwa na injini. Wewe mguu umeufikisha chini, lakini ndani bado kunazunguka. Hapo gia haiingii, au inaingia kwa kelele. Rivasi ndiyo inalia zaidi kwa sababu kwenye magari mengi haina ile ringi ya kulinganisha mwendo ambayo gia za mbele zinayo.

Kwa hiyo swali linakuwa: kwa nini mbano hauachii? Na hapa ujue gari lako ni la aina gani. Kuna magari ambayo pedeli ya klachi inavuta waya. Kirikuu yangu ni hivyo. Mengine pedeli inasukuma mafuta ya breki, yanapita kwenye masta silinda juu na silinda ndogo chini kwenye giaboksi.

Mzee alikuja na mimi mpaka gereji kwa miguu, na fundi wa pale hakufurahi. Akalala chini ya gari dakika tano. Waya wa klachi ulikuwa umechakaa, nyuzi zake nyingi zimekatika, zimebaki chache zinavutika kama lastiki. Nati ya kurekebishia ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa uzi. Ndipo dogo akakiri kwamba kwa wiki tatu alikuwa anaikaza kila gia zikianza kusumbua. Hakuniambia kwa sababu "ilikuwa inakubali". Hapo nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia fundi.

Waya mpya 35,000. Kuufunga 20,000. Mzee nikampa 10,000 ya soda, akakataa nusu. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunashusha kabati ya mwisho Tandika. Mteja mmoja tu ndiye aliyeghairi, na nilimrudishia hela yake usiku uleule.

Basi, jaribio hilo ulifanye wewe mwenyewe siku gia zikigoma, kabla hujampigia mtu. Gari likae tambarare, hendibreki juu. Zima. Kanyaga klachi, pitisha gia zote. Halafu liweke nyutro, washa, kanyaga klachi mpaka chini, jaribu tena.

Zikiingia likiwa limezimwa tu, ni klachi haiachii. Ya waya, angalia waya na nati yake. Ya mafuta, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya klachi, magari mengine kinachangia na cha breki. Kama yamepungua, yameenda mahali, hayaliwi na gari. Papasa juu ya pedeli ndani ya gari, pakiwa na unyevu wa mafuta ujue masta inavuja. Angalia na ile silinda ya chini, vuta kidogo mpira wake, ukitoa mafuta nayo imekwisha. Dalili nyingine ya wazi ni pedeli kuwa laini, unaipampu mara tatu nne halafu gia inaingia. Hiyo ni hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Watu wanajaza mafuta wanaondoka, wiki ijayo wamerudi palepale, kwa sababu hawajaziba panapovuja na hawajatoa hewa. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, mmoja anapampu na kushikilia pedeli chini, mwingine anafungua nipo kidogo, hewa inatoka, anafunga, ndipo pedeli inaachiwa. Na tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4. Wapo wanaojazia oili ya injini humo, inaharibu mipira yote ndani.

Zikigoma hata likiwa limezimwa, tatizo liko kati ya mkono wako na giaboksi, au ndani ya giaboksi yenyewe. Anza na vya nje. Mkono wa gia unaunganishwa na giaboksi kwa waya au vyuma vyenye bushi. Bushi zikiisha, mkono unalegea, unacheza kama kijiko kwenye kikombe, hujui uko tatu au tano. Bushi ni za bei ndogo. Maunti za injini na giaboksi nazo zikikatika, kila kitu kinahama gari likiondoka na gia inaweza kuchomoka yenyewe. Vyote hivyo unaviona bila kufungua giaboksi.

Kama ni gia moja tu inayokwaruza, tuseme ukitoka tatu kurudi mbili, na nyingine zote ni laini, hapo fundi akikwambia ringi ya ndani imeisha ana hoja. Kuburuza kwa klachi kunasumbua gia karibu zote, hakuchagui moja. Angalia na oili ya giaboksi, kama imepungua au imewekwa isiyofaa. Gari nyingi za Kijapani za kukanyaga klachi zinataka 75W-90 ya GL-4, lakini soma kitabu cha gari lako. Mimi kabla ya yote haya niliwahi kubadilishiwa oili ya giaboksi 60,000 kwa ushauri wa mtu wa stendi, gia zikaendelea kugoma vilevile. Nililipia dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Na sauti nazo zinasema. Kelele ikija unapokanyaga klachi, shuku bearing ya klachi. Kelele ikiwepo gari likiwa nyutro na ikapotea unapokanyaga, shuku bearing za ndani ya giaboksi. Rekodi kwa simu. Gari lina tabia ya kutulia likifika kwa fundi, kama mtoto akifika hospitali.

Sasa sehemu ambayo sikuwa nataka kuiandika. Mwezi wa 3 nikarudi gereji tena, na safari hii kosa lilikuwa la kwetu.

Baada ya waya mpya, dogo alizoea klachi kali. Akaona ile mpya pedeli ina nafasi kidogo kabla haijaanza kukaza, akadhani imelegea. Akaikaza. Ile nafasi lazima iwepo. Kwangu ni kama sentimita 2 za juu ambazo pedeli inashuka bure, kipimo kamili cha gari lako kiko kwenye kitabu chake. Ukiimaliza, ni sawa na mtu ameweka mguu kwenye klachi muda wote. Sahani haibanwi sawasawa, inateleza, inapata moto, inaisha. Na sisi tulikuwa tunapakia kupita kiasi, nisifiche. Safari moja badala ya mbili ili kuokoa mafuta.

Dalili yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Gia zinaingia vizuri kabisa. Lakini ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na mwendo haupandi, hasa kwenye mlima na mzigo. Halafu harufu, kama breki zimeungua. Safari hii sikusubiri. Jaribio lake mzee alinifundisha kwa simu: sehemu ya wazi, hendibreki kali, hakuna mtu mbele, injini imewaka, weka gia namba nne, achia klachi polepole. Klachi nzima inazima injini. Isipozima, ikaendelea kunguruma kama haijaguswa, sahani inateleza. Fanya mara moja tu, usirudierudie, unaiunguza zaidi.

Haikuzima. Pleti, presha na bearing vyote vipya, na kazi ya kushusha giaboksi, 230,000. Nililipa. Iliniuma lakini nilijua ninacholipia, na nilisimama pale mpaka mwisho nikaiona pleti ya zamani, imeisha mpaka ripiti zinagusa chuma. Ukibadilisha pleti, badilisha na bearing yake, maana gharama kubwa ni ya kushusha giaboksi na hutaki kuilipa tena baada ya miezi miwili kwa bearing ya hela ndogo.

Kwa dogo sikumkata mshahara. Kuna watu wataniona mjinga. Ila nilijiuliza, mimi nilimfundisha lini? Nilimpa ufunguo na orodha ya wateja. Siku hizi kuna daftari kwenye gari, chochote kilichoguswa kinaandikwa, hata kukaza nati. Na mguu hauwekwi juu ya klachi wakati hubadilishi gia, na kwenye foleni ya mlimani tunatumia hendibreki, hatulishikilii gari kwa klachi.

Kuhusu mafundi. Sisemi wote wezi, aliyeniokoa naye ni fundi. Nilichojifunza ni kutompa hukumu, nampa dalili. Ukifika ukasema "giaboksi imeniharibikia", umeshamfungulia mlango. Sema hivi: gia zote zinagoma injini ikiwaka, zikizimwa zinaingia, pedeli iko laini, ilianza Jumatatu. Ataelewa kwamba umejaribu. Muulize amejuaje, na akuonyeshe kwa macho. Spea mbovu urudishiwe mkononi. Na kwa wateja, siku gari likifa andika mapema na ukweli. Siku ile nilituma ujumbe mmoja, "gari limegoma njiani, mzigo wako upo salama, nikishindwa leo utaletwa kesho asubuhi kwa bajaji kwa gharama yangu". Watatu kati ya wanne walinijibu pole. Nimetenga pia 2,000 kwa kila safari, inakaa kwenye laini ambayo sitolei vocha wala chakula. Hela ya pleti ilitoka humo zaidi ya nusu.

Wenye otomatiki msijione mmepona, nina machache yenu. Kama ni Toyota na taa ya O/D OFF inawaka tu bila kupepesa, mara nyingi umebonyeza kitufe cha kwenye mkono wa gia, kibonyeze tena. Ikiwa inapepesa, gari limehifadhi hitilafu, nenda kapimwe kwa mashine kabla hujafungua chochote. Zenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ipimwe gari likiwa la moto, limewaka, tambarare, baada ya kupitisha mkono kwenye gia zote na kurudi P. Oili ikiwa nyekundu safi ni sawa, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, shida ipo. Na CVT ina oili yake, usikubali kumwagiwa ATF ya kawaida eti zote ni nyekundu.

Halafu ile ya gari kukataa kutoka P. Rafiki yangu anaoka keki, Jumapili moja alinipigia analia, keki ya harusi ya ngazi tatu iko ndani ya gari na mkono wa gia hausogei. Fundi aliyemwita alishasema gari livutwe. Nikamwambia akanyage breki na mtu asimame nyuma aangalie taa. Taa za breki haziwaki hata moja. Gari hizo nyingi haziruhusu gia kutoka P mpaka zipate taarifa kwamba umekanyaga breki, na taarifa inatoka kwenye swichi ileile ya taa. Fyuzi ya STOP ilikuwa imekatika. Kwa dharura, pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe au kifuniko kidogo kimeandikwa shift lock, unakanyaga breki, unakibonyeza, mkono unatoka. Alifanya hivyo, akaenda mdogo mdogo na taa za hatari zinawaka mpaka kwa fundi umeme wa jirani, akawekewa fyuzi. Ikakatika tena palepale. Kumbe soketi ya taa ya nyuma kulia ilikuwa imeingia maji na waya unagusa bodi. Ukiona fyuzi imekatika mara mbili usiweke kubwa zaidi, tafuta panapogusa. Soketi na fyuzi vilimtoka 12,000, na keki ilifika ukumbini saa kumi, maharusi wenyewe bado wako saluni.